Msiba wa Babu Saa: tangazo lilitoka, likasomwa, na watu hawakuja

Hiki kisa kilitokea parishini kwetu hapa Moshi mwaka juzi, na nimeamua kukiandika chote kuanzia mwanzo maana kila mtu anakisimulia kivyake. Wengine wanasema ni habari ya WhatsApp, wengine wanasema mzee alibaguliwa kwa sababu alikuwa maskini, wengine wanamtupia padri lawama. Mimi nilikuwa mzee wa jumuiya aliyokuwa anasali marehemu, kwa hiyo nilikuwa ndani kabisa ya hili jambo na sehemu ya kosa ni ya kwangu, nitaisema nikifika hapo. Parishi siitaji, na watu siwataji majina. Marehemu nitamwita Babu Saa.

Kwa kifupi kilichotokea ni hiki: mzee wetu alifariki, tangazo likatoka mapema tu, watu karibu wote wenye simu wakalisoma, halafu msibani hawakutokea. Na hawakuacha kuja kwa sababu hawampendi, walikuwa wanampenda sana. Ndio maana kisa chenyewe kinauma.

Kwanza lazima muelewe Waanglikana wa Moshi ni watu gani, bila hilo mtu wa Dodoma au wa Muheza hataelewa kwa nini tulichanganyikiwa kiasi kile. Wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, ndio waliotangulia hapa, walifika kwa Mangi Rindi, yaani chifu wa Wachaga, kule Old Moshi mwaka 1885, wakakaa mpaka 1892, halafu vita ya Wajerumani na Mangi Meli ikawafanya waondoke, na mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig wakaingia. Wakatoliki nao walishaanza Kilema tangu 1891. Kwa hiyo mlimani kote huko unakuta KKKT na Roma, sisi tulibaki kanisa la mjini, kanisa la watu walioletwa na kazi. Reli ilipofika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911 ilikuja na watu wake, mashamba yakaja na watu wake, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini hivyo hivyo, halafu polisi, walimu, manesi. Hata dayosisi yetu ya Mlima Kilimanjaro ni ya juzi tu, 1982, na makao yake yako Arusha.

Sasa ukija Jumapili kwetu utakuta Mbondei wa Muheza amekaa benchi moja na Mgogo wa Mvumi, nyuma yao kuna Mkaguru wa Berega na Muha wa Kasulu. Hata kumuita kiongozi wetu hatufanani. Waliotoka Tanga walilelewa na UMCA, wamisionari wengine wa Kianglikana, wanasema padri, wanapenda ubani na mishumaa, waliotoka Dodoma walilelewa na CMS wanasema mchungaji na ubani unawakereketa koo. Tumezoeana. Lakini kitu kimoja tunafanana wote, hapa Moshi hatuna ukoo. Mchaga akifiwa ukoo wake uko hapo juu, kihamba, lile shamba la ukoo, kipo, shangazi wapo, mpaka jioni watu wamejaa uwanjani. Sisi ukoo wetu uko kilomita 300 au elfu moja. Kwa hiyo ukoo wetu ni parishi, na hilo sio neno la mahubiri, ni utaratibu kabisa: parishi ndio inakesha, parishi ndio inapika, parishi ndio inatafuta Costa ya kusindikiza mwili nyumbani.

Babu Saa alikuwa Mbondei. Alifanya kazi reli, abiria walipokatika kwenye ile njia akahamia kutengeneza saa karibu na stendi, kimeza chake kidogo na kile kioo cha kuvaa jichoni. Treni ya abiria kutoka Dar iliporudi Moshi Desemba 2019 alienda stesheni kuipokea amevaa suti, akarudi analia. Mtoto yeyote wa Jumapili anamjua maana alikuwa anawaruhusu waguse zile saa mbovu. Jina lake la ubatizo sikumbuki kumsikia mtu analitamka hata siku moja. Hilo mlishike.

Utaratibu wetu wa zamani wa habari ulikuwa na njia tatu. Kuna matangazo ya Jumapili mwisho wa ibada. Kuna jumuiya, tunakutana Jumamosi asubuhi nyumba kwa nyumba. Na kuna mzee wa jumuiya na daftari lake, ambaye msiba ukitokea anatuma vijana wawili wapite kila nyumba wagonge. Unaweza ukaona ni ushamba ila ilikuwa inafanya kazi, mtu akifa saa nne usiku, saa mbili asubuhi Pasua nzima ya Waanglikana inajua, mpaka mitaa ya Bomambuzi na Njoro.

Ila nao utaratibu ule ulikuwa na shida zake na lazima niwe mkweli. Matangazo ya Jumapili yalikuwa yanafika dakika 40. Unatangaziwa harusi ya mtu usiyemjua, unatangaziwa nyumba inapangishwa, halafu mnada, mkungu wa ndizi na trei la mayai na jogoo, watu wana njaa, watoto wanalia, wenye daladala za mbali wanatoka mmoja mmoja. Wageni walikuwa hawarudi. Na grupu letu la WhatsApp nalo lilikuwa limeharibika, mtu anafowadi dawa ya kisukari ya mizizi, mwingine analeta fursa za upatu, kipindi cha kampeni 2020 watu wawili walitukanana humo ndani mpaka wakaacha kupeana mkono wa amani kanisani. Kwa hiyo halmashauri ya parishi ilipokaa Januari ile ikaamua mambo ambayo wote tuliyapigia makofi. Matangazo yote yahamie kwenye grupu. Grupu lifungwe, katibu na mweka hazina tu ndio waandike. Michango yote ipite kwa simu. Na madaftari ya jumuiya yarudishwe ofisini yaingizwe kwenye kompyuta, wazee wa jumuiya wapumzike na kuzunguka.

Kitu pekee kilichobaki kusomwa kwa mdomo ni matangazo ya ndoa, maana hayo yanatakiwa yasomwe Jumapili tatu, na hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka nia ya kuoana itangazwe siku 21 kabla. Nimekuja kulifikiria hilo baadaye sana. Harusi tuliona haitoshi kuiandika kwenye simu, lazima isemwe mbele ya watu ili mwenye neno aseme. Msiba tukaona unatosha.

Haya, sasa siku yenyewe.

Babu Saa alifariki Jumatano saa nne usiku nyumbani kwake, moyo. Mama, yaani mke wake, alikuwa na kiswaswadu ambacho hakina salio. Akatoka nje akamuita jirani, mama mmoja wa KKKT. Ndani ya nusu saa jirani alishaleta wenzake wa jumuiya yao, wanaume wakahangaikia gari la kupeleka mwili mochwari, wanawake wakakaa na Mama. Kijana wa huyo jirani akaona kalenda ya parishi yetu ukutani, chini kuna namba ya katibu, akapiga. Katibu alikuwa kwenye basi anaenda Dodoma kwenye mafunzo, simu haikupatikana, kijana akaacha meseji akiandika jina la marehemu kama alivyolisoma kwenye kitambulisho.

Katibu alishuka Dodoma alfajiri akaiona. Hakulala. Saa kumi na mbili na nusu tangazo lilikuwa limeshatoka. Nalisema hili kwa makusudi kwa sababu kuna watu walimsema vibaya sana, na ukweli ni kwamba katibu alifanya kazi yake haraka kuliko ambavyo mimi na daftari langu ningefanya. Alimtafuta na binti wa marehemu aliyeko Dar akapata namba ya rambirambi. Kila kitu alichotakiwa kufanya kwa utaratibu mpya alikifanya.

Tangazo lilisomeka hivi, nimeficha majina tu: TANZIA. Mzee fulani fulani wa Pasua amefariki dunia jana usiku. Mwili utasafirishwa Jumamosi kwenda Muheza kwa mazishi. Rambirambi itumwe namba hii, jina litakalotokea ni fulani. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Lisome sasa kama mtu wa parishi yetu aliyekaa Njoro anakunywa chai asubuhi. Mzee fulani fulani humjui, hujawahi kulisikia hilo jina. Pasua ni kubwa kama nini, haijasemwa wapi. Namba ni ngeni. Jina linalotokea ukitaka kutuma ni la mwanamke mwenye ubini wa Kipare, kwa sababu binti ameolewa Same na laini ameisajili kwa jina la ndoa. Na sisi Watanzania wote tunaijua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", tumeshaonywa mpaka tumechoka. Mama mmoja wa kwaya, tena ambaye Babu Saa alimtengenezea saa ya ukutani bure, aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Niliona nikasema hawa matapeli sasa wameingia mpaka kwenye grupu la kanisa, nikafuta." Alilia akiniambia.

Halafu grupu limefungwa. Hapa ndio kiini cha jambo lote kwa maoni yangu. Grupu lingekuwa wazi kama zamani, ndani ya dakika mbili mtu angeandika "jamani huyu ni nani?" na mwingine angejibu "si Babu Saa!" Mstari mmoja tu. Ule mstari ndio ulikuwa msiba wenyewe, ile TANZIA ilikuwa karatasi tu. Lakini hakuna aliyeweza kuuliza wala kujibu, na kumpigia katibu kumuuliza watu waliona aibu, maana ukiuliza ni kama unakiri humjui mkristo mwenzako. Kila mtu akanyamaza akidhani wengine wanamjua. Katibu naye kule Dodoma anaangalia simu anaona watu zaidi ya mia wameshasoma, anapumua, anasema habari imefika.

Na padri? Padri alikuwa Arusha kwenye kikao cha makasisi tangu Jumanne. Yeye ndiye kati ya wachache waliojua lile jina, alimzikia mdogo wake. Alisoma, akampigia katibu, katibu akamwambia tangazo limetoka baba, limesomwa na watu wengi, na rambirambi namba ipo. Padri akaelewa kwamba wazee wako msibani. Akapanga kurudi Ijumaa jioni. Mimi simlaumu kwa hilo, tangu nimeanza uzee wa jumuiya sijawahi kuona tangazo la msiba limetoka halafu watu hawapo, angejuaje?

Sasa mimi. Mimi nilikuwa Chekereni kwenye mpunga, tulikuwa tunavuna, na tangazo nililisoma mchana wa Alhamisi nimekaa juu ya gunia. Lile jina nililiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu kwenye daftari la jumuiya miaka mingi nyuma, na pembeni yake niliweka mabano nikaandika Babu Saa. Lakini daftari lilishaenda ofisini Januari, na aliyeingiza kwenye kompyuta aliingiza jina akaacha mabano, maana kwenye kompyuta hapakuwa na sehemu ya jina la utani. Nikasoma, nikasema huyu atakuwa wa jumuiya ya pili, hao nao wako Pasua. Nikarudi kwenye mpunga. Sikumpigia mtu. Ningekuwa na kazi ya kuzunguka kama zamani ningeshuka siku ile ile, ila nilishaambiwa nipumzike na nikapumzika kweli.

Nilijua Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nilipita stendi, muuza miwani anayekaa jirani na kile kimeza akaniuliza mnamsafirisha saa ngapi Babu Saa. Nilidhani nimesikia vibaya. Nilipanda bodaboda mpaka kwake na yale magwanda yangu ya shamba.

Nilikuta turubai la KKKT. Viti vya KKKT. Akina mama wa jumuiya ya jirani wanapika, wamevaa kanga zao, wanaimba nyimbo ambazo na sisi tunazijua. Waanglikana niliowakuta ni watatu, wote majirani wa ukuta kwa ukuta. Mama alikuwa ndani amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Amekuwa kwenye Umoja wa Mama tangu mimi ni kijana, hakuna msiba wa parishi ile ambao hakupika. Nikapiga magoti nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba mwanangu. Akanitazama kidogo, halafu akaniuliza kama nimekula.

Usiku ule tulikimbia. Nilipiga simu mpaka chaji ikaisha nikaazima simu ya kijana wa jirani. Nikawa nasema neno moja tu, "Babu Saa amefariki," na kila niliyempigia anapiga yowe, kisha ananyamaza, maana anakumbuka aliliona tangazo. Padri akafika saa tatu usiku moja kwa moja kutoka kwenye basi. Ibada akaifanya alfajiri pale nyumbani kabla ya mwili kuondoka, akina mama wa Umoja waliowahi na sare zao walikuwa sita. Costa haikupatikana, kwanza usiku, pili hela, michango iliyoingia kwenye ile namba ilikuwa haitoshi hata mafuta. Tukapata Noah. Watu saba pamoja na Mama, na kati ya hao wa parishi tulikuwa mimi na kijana mmoja wa kwaya. Gari la mwili likatangulia. Himo, Same, Mombo, Korogwe, Segera, njia nzima Mama hakulalamika hata mara moja, alikuwa ananionesha stesheni za zamani ambazo mume wake alifanya kazi.

Muheza walikuwa wamejiandaa kupokea basi. Walipika kwa ajili ya basi. Wazee wa ukoo walisimama barabarani, Noah ikasimama, wakaangalia nyuma yake kama kuna gari lingine linakuja. Mzee mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, wenzenu wako nyuma? Nikajibu kwamba tumekuja sisi. Basi.

Mama alirudi Moshi baada ya mwezi na kitu. Jumapili ya kwanza akaenda na jirani yake KKKT. Ya pili pia. Mchungaji wa kule alimpigia padri wetu mwenyewe akamweleza, hakutaka tusikie mtaani, na hilo lilikuwa jambo la kiungwana ambalo sitalisahau. Mama hakuandika barua ya kuhama, hakumsema mtu. Nilipoenda kumuona alisema tu kwamba miguu inamuuma na kanisa la jirani liko karibu, na kweli liko karibu, lakini lilikuwa karibu miaka yote.

Halmashauri ilikaa. Kikao kilikuwa kirefu na kigumu, katibu akaomba kujiuzulu, tukakataa. Kulikuwa na maneno ya aina mbili kubwa. Wazee wakasema turudi kama zamani, simu iachwe kabisa. Vijana wakasema tatizo sio simu, tatizo ni wazee wasiojua kutumia, Mama angekuwa na smatifoni yasingetokea haya. Mimi naona wote walikosea na nilisema pale pale. Mama hakuhitaji kupata habari, yeye ndiye mwenye msiba, hata angepewa smatifoni kumi asingeandika chochote usiku ule. Na kurudi zamani kabisa haiwezekani, wale vijana wa kugonga milango sasa wako Dar na Arusha, na watu wamehamia mbali, kuna familia iko Msaranga na nyingine karibu na TPC, utamgongea nani kwa mguu.

Ukilichambua vizuri utaona kwamba ule utaratibu wa zamani ulikuwa unafanya kazi nyingi kwa mpigo na sisi tuliona moja tu. Tulidhani kijana anayegonga mlango kazi yake ni kufikisha habari. Kumbe anafika na sura, unamjua ni mtoto wa nani, kwa hiyo huwazi utapeli. Unamuuliza nani huyo, anakwambia Babu Saa wa stendi. Unamuuliza wapi, anakuonesha kwa kidole. Anakuona wewe umesikia na wewe unajua ameona, kwa hiyo usipoenda unajua itajulikana. Na akirudi kwa mzee wa jumuiya anasema nyumba ile hawapo, ile nyingine mama anaumwa, kwa hiyo hata wagonjwa tulikuwa tunawajua kupitia misiba. Tulipohamishia kwenye simu tulihamisha maneno tu, hayo mengine yote yakabaki barabarani hayana mwenyewe.

Na kufunga grupu, niseme wazi, ulikuwa uamuzi sahihi kwa tatizo la dawa na upatu na siasa. Bado naamini hivyo. Kosa ni kwamba tuliufungia mlango na msiba humo humo. Michango nayo, nia ilikuwa njema, hela iende moja kwa moja kwa mfiwa isipite mikono mingi, ila hela inayopita kwa mzee wa jumuiya inakuja na mtu, unaenda kutoa elfu mbili yako unajikuta umekaa unakesha. Ukituma kwa simu umemaliza, unaendelea na kazi zako. Hata wale wachache waliotuma hawakuja, kwa sababu walihisi wameshafika.

Tuliyoyabadilisha sio makubwa. Grupu kubwa limebaki limefungwa, ila kila jumuiya ina grupu lake dogo lililo wazi, na mambo ya biashara humo marufuku. Tangazo la msiba halitoki mpaka mtu mmoja wa parishi awe amefika kwenye nyumba yenye msiba kwa miguu yake na kupiga simu kutoka pale pale, kwa hiyo linachelewa saa moja au mbili na katibu mwanzoni lilimkera, sasa amezoea. Lazima liwe na jina ambalo watu wanamwita mtu huyo, na alama ya nyumba, karibu na mashine ya kusaga, nyuma ya duka la nani. Rambirambi inapokelewa na mweka hazina wa jumuiya akiwa amekaa msibani na daftari, wa mbali watume kwake. Wasio na smatifoni kila mmoja amepewa jirani yake wa parishi, na huyo jirani ndiye anayewajibika, tuliandika majina. Jumapili misiba na wagonjwa vinasomwa kwa mdomo pamoja na ndoa. Tulikubaliana dakika nane. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa nane kweli, sasa hivi imeshafika ishirini na mtu mmoja juzi alijaribu kuingiza tangazo la kiwanja, kwa hiyo hilo bado tunapigana nalo.

Kilichotupa kazi kuliko vyote ni rejista. Kurudisha majina ya utani. Ungeona ni kitu kidogo lakini kuna watu hawataki kabisa yaandikwe, baba mmoja tunamwita kwa jina la gari lake la zamani lililokuwa linazimika kila mlima, akasema mkiliandika hilo kwenye kitabu cha kanisa nahama. Akina mama wengine wanajulikana kwa mtoto wa kwanza ambaye alishafariki, na ukimuuliza tuandike hivyo hivyo unamuona anabadilika sura. Kwa hiyo haifanyiki ofisini. Inabidi ukae na mtu, unywe chai, umuulize taratibu, wewe ukitutoka hapa duniani watu wasikie jina gani ndio wakimbie? Na swali lenyewe ni zito, wengine wanakuambia njoo wiki ijayo.

Kwa Mama nimeshaenda mara nyingi. Bado anasali kwa jirani. Ila Alhamisi amerudi kwenye Umoja wa Mama, anakuja na fimbo, akina mama wanapokezana kumpitia. Msiba uliofuata parishini alikuja akakaa jikoni anachambua mchele kama kawaida yake. Kuhusu Jumapili sijamuuliza na padri naye amesema tusimuulize.

Jumuiya tatu zimemaliza rejista. Sisi tumebakiza nyumba kumi na moja, nyingi ziko Bomambuzi, tunaenda Jumamosi hii baada ya sala. Nyumba ya kwanza ni ya Mama, kwa sababu jina la Babu Saa bado liko kwenye kompyuta bila mabano, na nataka niliandike upya nikiwa nimekaa naye.